Kutoka Kugundua hadi Kubuni: Historia Fupi ya Molekuli Zinazogeuzwa na Mwanga

Mwaka 1834 mkemia Mjerumani Eilhard Mitscherlich alieleza maada ya rangi ya machungwa iitwayo azobenzini. Jina hilo latokana na azoti, yaani nitrojeni: atomu mbili za nitrojeni zimeungana katikati, na kila moja imebeba pete ya kaboni sita. Kwa muda mrefu jamaa za maada hiyo zilijulikana hasa kwa kutia nguo rangi.

Mwaka 1937 Mwingereza G. S. Hartley aliona kwamba vipimo vyake vya uyeyukaji wa azobenzini havilingani. Alipotafuta sababu, aliikuta katika mwanga. Molekuli ileile ilikuwa na maumbo mawili. Katika umbo la kwanza pete hukaa pande mbili tofauti, na molekuli hunyooka; katika la pili hukaa upande mmoja, na molekuli hujikunja. Wakemia huyaita trans na cis, maneno ya Kilatini ambayo Kiswahili huyafasiri bila taabu: ng'ambo na upande huu. Mwanga wa urujuanimno, usioonekana kwa macho, wenye urefu wa mawimbi wa nanometa 350 hivi, huikunja molekuli; ule wa buluu, wa nanometa 450 hivi, huinyoosha. Ikiachwa gizani, hunyooka yenyewe polepole.

Huo ulikuwa ugunduzi. Ubunifu ulikuja baadaye. Mwaka 1971 Bartels, Wassermann na Erlanger, huko Marekani, walitengeneza kemikali yenye azobenzini iliyoamsha seli za samaki atoaye umeme ikiwa imenyooka, lakini si ikiwa imejikunja. Hapo lilizaliwa tumaini kubwa: dawa ifanyayo kazi pale tu inapomulikwa, bila kuudhuru mwili mzima. Lakini kikwazo kilikuwa dhahiri. Urujuanimno hudhuru seli, tena haupenyi mbali katika nyama.

Kwa hiyo wakemia waligeukia muundo wenyewe. Mwaka 2009 watafiti wa Kiel, Ujerumani, waliziunganisha pete mbili kwa daraja fupi, hata umbo lililojikunja likawa ndilo la kawaida. Mwaka 2011 kundi la Woolley, mjini Toronto, liliweka vikundi vinne vya methoksi karibu na nitrojeni, na mwanga wa kijani ukatosha kuikunja molekuli. Mwaka uliofuata, mjini Berlin, Bléger, Hecht na wenzao waliweka florini mahali hapo. Kijani huikunja, buluu huinyoosha, na umbo lililokunjwa huweza kudumu gizani hata nusu yake ibaki baada ya miaka miwili hivi.

Kiswahili hutenganisha vema kugundua na kubuni. Hartley aligundua kilichokuwapo. Waliomfuata walichagua kwanza rangi ya mwanga isiyoudhuru mwili, kisha wakatafuta atomu za kuitii.