Kifafa sugu: tiba ya kutuliza ubongo bila upasuaji
Je, mwanao ametumia dawa mbili zinazofaa, kwa dozi sahihi na bila kuruka siku, lakini bado anaanguka kifafa? Hicho ni kifafa sugu. Humpata takriban mgonjwa 1 kati ya 3.

Kuna tiba ambayo bado inachunguzwa. Sumaku huwekwa juu ya kichwa, au umeme hafifu hupitishwa kwenye ngozi ya kichwa, ili kutuliza sehemu ya ubongo inayoanzisha kifafa. Hakuna kupasuliwa. Baadhi hupata nafuu, wengine hawapati. Mara chache, sumaku yenyewe huweza kuamsha kifafa.

Mweleze daktari kama mtoto ana chuma au kifaa chochote kichwani. Usimwachishe dawa ghafla: anaweza kupata degedege lisilokoma, ambalo huweza kuua.