Uwakili: Maana ya Istilahi na Matumizi Yake kwa Mkristo wa Unyambwa

Uwakili ni hali ya kushika na kuendesha mali, kazi au mamlaka ya mtu mwingine kwa idhini yake, kwa faida yake, na kwa sharti la kutoa hesabu. Katika mafundisho ya Kikristo mwenye mali ni Mungu na aliyekabidhiwa ni binadamu. Kilichokabidhiwa ni kila kitu: uhai, muda, mwili, akili, ardhi, mifugo, fedha, watoto, na Injili yenyewe. Neno hili limezoeleka makanisani, lakini mara nyingi hutumika kwa maana ya utoaji wa sadaka tu, kana kwamba msharika aliyejaza bahasha yake ya Jumapili amekwisha kuutimiza uwakili wote. Maandiko hayaishii hapo. Wala wakulima na wafugaji wa Unyambwa, kata ya Manispaa ya Singida iliyo katika nchi ya Wanyaturu, hawahitaji kwenda mbali kuona kwa nini hayaishii hapo.

Neno wakili limetoka katika Kiarabu, kwenye mzizi wenye maana ya kumkabidhi mwingine jambo na kumtegemea alitimize. Mzizi huo umekipa Kiswahili pia wakala, wakilisha, mwakilishi na tawakali. Mtaani, wakili ni mwanasheria anayemsemea mteja mahakamani, na wakala ni yule wa kibanda cha kutuma na kutoa pesa kwa simu. Katika ndoa ya Kiislamu, wakili ni anayesimama badala ya mhusika kwa idhini yake. Wote hawa hutenda jambo halali, lenye nguvu, kwa jina la mtu mwingine. Ipo tofauti moja ya kuangaliwa, hasa Singida ambako Waislamu na Wakristo ni majirani na mara nyingine ni ndugu wa nyumba moja. Kwa Mwislamu, Al-Wakil ni mojawapo ya majina ya Mwenyezi Mungu: mja ndiye anayemwachia Mungu mambo yake. Katika istilahi ya Kikristo mwelekeo ni kinyume, Mungu ndiye anayemwachia binadamu mambo. Mafundisho ya Kiislamu yanayokaribiana zaidi na uwakili wa Kikristo ni yale ya amana na ya ukhalifa wa binadamu duniani.

Agano Jipya la Kigiriki linatumia neno oikonomos, yaani mwendesha nyumba. Mara nyingi alikuwa mtumwa au mtumishi aliyeaminiwa, akagawa posho, akasimamia watumishi wenzake, akakusanya madeni na kutunza vitabu vya hesabu. Biblia ya Kiswahili ya tafsiri ya Muungano, iliyotoka kamili mwaka 1952, inamwita wakili katika Luka 12 na 16, katika 1 Wakorintho 4, Tito 1 na 1 Petro 4. Biblia Habari Njema, katika mfano wa Luka 16, ilichagua neno karani. Uamuzi huo unaeleweka, kwa kuwa msomaji wa leo akisikia wakili huwaza joho na mahakama, lakini umepoteza jambo la msingi. Karani huandika yaliyoamuliwa na wengine. Mtu wa mfano ule aliwaita wadeni wa bwana wake, akawapunguzia madeni ya mafuta na ngano, na hati zikabadilishwa. Asingeweza kufanya hivyo kama asingekuwa na mamlaka ya kumfunga bwana wake kwa maamuzi yake. Uwakili una uhuru mkubwa ndani yake, na hatari yake imo humohumo. Wakili ndilo neno linalobeba yote mawili.

Mfano wa talanta katika Mathayo 25 haulitaji neno hilo, lakini ndio unaofundishwa zaidi chini yake. Talanta haikuwa sarafu, ilikuwa kipimo cha uzito wa fedha chenye thamani ya dinari 6,000 hivi, na dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku. Hata mtumishi aliyepewa talanta moja, basi, alikabidhiwa mshahara wa karibu miaka 20 ya kazi. Mahubiri mengi humwonea huruma kana kwamba alipewa kidogo. Tena hakuiba wala kutapanya, kwani alirudisha fedha yote kama ilivyokuwa. Kosa lake ni kuichimbia chini na kuiacha ikae bure. Uaminifu wa wakili, kwa mujibu wa mfano huu, hupimwa kwa alichokifanyia kazi, na kurudisha kitu kikiwa kizima hakumtoshi bwana.

Unyambwa iko katika ukanda mkavu wa kati ya Tanzania wenye msimu mmoja wa mvua, unaoanza mwishoni mwa mwaka na kuishia kwenye Aprili. Watu hulima uwele, mtama, mahindi na alizeti, zao lililoupa mkoa wa Singida sifa kote nchini, na hufuga ng'ombe, mbuzi, kondoo na kuku wa kienyeji. Mwanaanthropolojia wa Marekani Harold K. Schneider, aliyechapisha mwaka 1970 kitabu juu ya uchumi wa Wahi, kundi mojawapo la Wanyaturu, alionyesha jinsi shamba na zizi vinavyotegemeana. Ardhi inayolimwa mwaka hadi mwaka hudai samadi, na samadi hudai ng'ombe. Asiye na ng'ombe wa kutosha ana shamba, lakini hana rutuba.

Hapo ndipo desturi ya kuwekeshana mifugo inapata nguvu yake. Mwenye ng'ombe wengi humkabidhi jirani au ndugu baadhi yao. Anayepokea hunywa maziwa na kutumia samadi, na kwa kadiri ya mapatano anaweza hata kupata sehemu ya uzao. Hauzi wala hachinji bila mwenye mali kujua. Ng'ombe akizaa, akiugua au akifa, habari hupelekwa. Huyu ni wakili kamili. Anafaidi kwa haki, bila kificho na bila kuona haya. Maziwa anayowapa watoto wake hayakuibwa. Hata hivyo akiulizwa ng'ombe ni wa nani, hasemi ni wake. Mafundisho ya Kikristo yanadai mambo hayo mawili kwa pamoja, na ndiyo yanayowapa shida wengi. Wapo wanaodhani kwamba kukiri mali ni ya Mungu kunawanyima haki ya kuifurahia. Wengine huifurahia hadi wakasahau aliyewawekesha.

Sheria ya nchi nayo ina mpangilio unaokaribia huo. Kwa Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ameishika kama mdhamini kwa niaba ya wananchi wote. Raia hupata haki ya kuitumia na kuiendeleza, na anaweza kuirithisha. Mambo ya Walawi 25 ilikwisha kuweka kanuni ya namna hiyo kwa Israeli: nchi isiuzwe moja kwa moja, kwa maana mwenyewe ni Bwana, na wakaao ndani yake ni wageni wake. Udhamini na uwakili hata hivyo si kitu kimoja. Mdhamini huandikwa kama mshika mali kisheria kwa ajili ya wanufaika, na ndiyo sababu viwanja na majengo ya makanisa huandikishwa kwa jina la baraza la wadhamini. Wakili haandikwi popote kuwa mwenye mali.

Ilivyotokea neno hili pana likabanwa hadi kwenye bahasha ni habari ya kihistoria. Ulaya ya Kaskazini makanisa ya dola yaliendeshwa kwa kodi. Wahamiaji wa Kiswidi walioanzisha Sinodi ya Augustana nchini Marekani mwaka 1860 hawakuwa tena na dola ya kuwakusanyia fedha. Ilibidi wachungaji wafundishwe, na makanisa yajengwe, kwa utoaji wa hiari wa waumini. Katika mazingira hayo Waprotestanti wa Marekani walilikuza fundisho la uwakili, likawa na ratiba za mahubiri, kadi za ahadi na bahasha. Wamisionari wa Augustana ndio walioiendeleza kazi ya Kilutheri Iramba na Singida tangu miaka ya 1920, na kanisa lililotokana na kazi hiyo lilikuwa miongoni mwa makanisa saba yaliyoungana mwezi Juni 1963 kuunda Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT). Leo hiyo ni Dayosisi ya Kati, yenye makao yake Singida.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilifanya kujitegemea kuwa wito wa taifa zima. Miaka michache baadaye, makanisa ya Afrika yalianza kujadili hadharani kusitishwa kwa misaada na wamisionari wa nje, mjadala uliochochewa na mchungaji wa Kipresbiteri wa Kenya, John Gatu, mwaka 1971. Uwakili ukawa jina la juhudi za kanisa kujilipia gharama zake. Juhudi hizo zilikuwa za haki na za lazima. Zahanati, shule za Jumapili na posho za wainjilisti zilizitegemea, na bado zinazitegemea. Ila neno likaanza kusikika zaidi penye makadirio ya bajeti kuliko penye malezi ya watoto, matumizi ya muda au utunzaji wa udongo.

Kila kanisa lina msamiati wake wa utoaji. Walutheri husema sadaka, ahadi, fungu la kumi na mavuno. Wakatoliki, ambao Jimbo lao la Singida liliundwa mwaka 1972, husema zaka na kulitegemeza jimbo, na hupanga mambo mengi kupitia jumuiya ndogondogo. Waadventista Wasabato wana idara ya uwakili, nao huitenganisha kabisa zaka na sadaka.

Kwa mkulima wa Unyambwa swali gumu ni la hesabu. Mapato yake hayaji kwa mwezi. Mfumo wa bahasha za kila wiki ulitungwa kwa watu wa mshahara, naye ana fedha mkononi baada ya kuvuna na kuuza alizeti, kisha miezi mirefu bila kitu. Malimbuko na sikukuu ya mavuno yanaifuata kalenda yake vizuri zaidi. Siku hiyo huletwa debe la mahindi, kuku, mayai, mbuzi. Baada ya ibada hunadiwa nje ya kanisa, na mnunuzi mara nyingine hukirudisha alichonunua kinadiwe tena.

Akivuna magunia 10 ya alizeti naye anadaiwa pembejeo, fungu la kumi ni gunia zima, au ni sehemu ya kinachobaki baada ya deni? Walimu wa makanisa hutofautiana. Uwakili unatoa mwanga hata hivyo: mali ya mdai si ya kutolea sadaka, na mbegu ya mwaka ujao imekabidhiwa kwa ajili ya kupandwa. Vivyo hivyo kwa aliyewekeshwa ng'ombe. Anaweza kutoa katika sehemu yake ya uzao na katika maziwa yake. Ndama wa mwenye mali hawezi kumpeleka madhabahuni, hata kwa nia njema. Mtoaji anayewaacha wazazi wake wazee na njaa yumo katika kosa hilohilo, na Marko 7 inalikemea waziwazi.

Katika uandishi, uwakili ubaki kwa dhana nzima yenye mwenye mali, mamlaka na hesabu. Usimamizi unafaa kwa uendeshaji wa kila siku, na utunzaji kwa kulinda kitu kisiharibike, kama katika agizo la Mwanzo 2 la kuilima bustani na kuitunza. Amana ni kile kilichokabidhiwa, kama Paulo anavyomwagiza Timotheo ailinde. Utoaji ubaki utoaji. Hesabu nayo ina pande mbili. Msharika huwajibika kwa Mungu kwa tisa ya kumi inayobaki nyumbani kama kwa ile moja aliyoitoa. Baraza la wazee na mtunza hazina, waliopokea alichotoa, ni mawakili pia, na taarifa ya mapato na matumizi inayosomwa mbele ya mkutano wa usharika ni sehemu ya uwakili wao sawasawa na sala inayoufungua mkutano huo.