Mtihani wa kuongea Kiingereza: Namna ya kutoa jibu kamili ndani ya muda

Kijana aliyelelewa Masama hufundishwa kwamba mtu mzima akimuuliza jambo, ajibu kwa kifupi na kwa heshima. "Ndiyo, baba." "Natoka shambani, mama." Nyumbani hayo ni malezi mema. Kwenye mtihani wa kuongea Kiingereza, ufupi huo huo unaweza kumkosesha alama, kwa sababu mtahini anapima Kiingereza anachokisikia, na jibu la maneno mawili halimpi cha kupima.

Mtihani huu unawahusu wengi: wanaoomba vyuo vya nje na wauguzi wanaotafuta kazi ng'ambo. NMC, chombo kinachosajili wauguzi na wakunga Uingereza, kinataka alama 7 katika kuongea kwa anayetumia mtihani wa IELTS, ambao alama yake ya juu ni 9.

Mtihani unakwendaje?

Sehemu ya kuongea ya IELTS huchukua dakika 11 hadi 14. Unazungumza na mtahini mmoja, na mazungumzo hurekodiwa.

Kwanza, kwa dakika 4 hadi 5, unaulizwa mambo ya kawaida: nyumbani, kazi, masomo, unachopenda.

Pili, unapewa kadi yenye mada na vidokezo vyake. Una dakika 1 ya kujiandaa na kuandika dondoo, kisha unaongea peke yako dakika 1 hadi 2.

Tatu, kwa dakika 4 hadi 5, mnajadili kwa upana mambo yanayohusiana na mada ile.

Alama hutolewa kwa mambo manne yenye uzito sawa: mtiririko na mpangilio, utajiri wa maneno, sarufi, na matamshi. Lafudhi ya kwenu si kosa, mradi unaeleweka.

Jibu kamili hujengwaje?

Kumbuka mambo matatu: jibu, sababu, mfano. Ukiulizwa kama unapenda unapoishi, usiishie kwenye "Yes". Sema: "Yes, I do, because it is cool and green. For example, my family grows coffee and bananas on the same small farm." Maneno ni rahisi, lakini mtahini amesikia maoni, sababu na kielelezo. Katika sehemu ya kwanza, sentensi mbili au tatu za namna hii zinatosha.

Kwenye kadi, usijaribu kuandika sentensi nzima, maana dakika moja haitoshi. Tuseme mada ni mahali unapokwenda mara kwa mara, nawe umechagua soko la Kwa Sadala. Andika neno moja moja la kujibu haya: wapi, lini, na nani, kufanya nini, kwa nini. Ukitumia sekunde 20 hadi 25 kwa kila moja, unakaribia dakika 2. Mtahini akikukatiza muda ukiisha, usishtuke. Ni utaratibu wa mtihani.

Katika sehemu ya tatu, linganisha. Zamani ilikuwaje na sasa ikoje? Kijijini na mjini kuna tofauti gani? Toa maoni yako, eleza sababu, kisha taja upande wa pili.

Mambo ya kuepuka

Usikariri majibu. Watahini wamezoea kuyatambua, na swali likibadilika kidogo tu, jibu la kukariri linakuwa nje ya mada.

Usikimbize maneno. Jibu refu lisilo na mpangilio halisaidii kuliko fupi lililonyooka.

Usinyamaze kwa sababu hukusikia. Sema: "Could you repeat the question, please?"

Mazoezi kwa simu yako

Simu nyingi zina kinasa sauti na kipima muda, na huhitaji bando kuvitumia. Chagua mada, jiandae dakika 1, kisha jirekodi kwa dakika 2. Sikiliza ukijiuliza: Nimetoa sababu? Nimetoa mfano? Nilinyamaza wapi, na neno gani lilinikosa? Litafute neno hilo, na kesho yake rudia mada ile ile.

Kama una mwenzako, mwombe akuulize "Why?" baada ya kila jibu. Baada ya siku kadhaa utaanza kutoa sababu kabla hajauliza.

Kwa watumishi wa afya kuna pia mtihani wa OET. Humo mtahiniwa huigiza mazungumzo mawili ya kazini, kwa mfano na mgonjwa. Kila moja lina dakika 3 za kujiandaa na takribani dakika 5 za kuongea. Nako pia mpangilio ni muhimu: msikilize mgonjwa, mweleze hatua kwa hatua, kisha hakikisha ameelewa.