Kampasi ya SUA Katavi: Soma hukohuko, fanya kazi hukohuko

Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) makao yake makuu yapo Morogoro, lakini kina kampasi pia mkoani Katavi. Inaitwa Mizengo Pinda, jina la Waziri Mkuu wa mwaka 2008 hadi 2015, mzaliwa wa mkoa huo.

Kuna nini pale?
Moja ya shahada zake ni ya usimamizi wa rasilimali za nyuki. Katavi ina misitu mikubwa ya miombo na wenyeji wamefuga nyuki tangu zamani. Kwa hiyo mwanafunzi hasafiri mbali kutafuta mizinga wala wafugaji.

Ajira je?
Nafasi za ofisa nyuki serikalini ni chache, na anayepata anaweza kupangiwa mkoa wowote. Anayetaka kubaki Katavi asiisubiri hiyo peke yake.

Pesa iko wapi?
Kwenye ubora. Asali ikirinwa kabla nyuki hawajaziba masega huwa na maji mengi, mwisho wake inachacha. Mhitimu anayejua kupima maji, kuchuja na kufungasha hadi kupata alama ya TBS anauza bei nzuri kuliko ya ndoo barabarani. Nta nayo isitupwe, ina soko.

Mtaji?
Vikundi vya vijana vinaweza kuomba mkopo wa halmashauri, unaotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani. Ni vizuri kuanza kujuana na wafugaji ukiwa bado chuoni; ukihitimu, wao ndio watakaokuuzia asali.