Ujenzi na Ukarabati wa Nyumba kwa Watu Wanaodhuriwa na Kemikali: Mambo ya Kuzingatia

Kwa mtu ambaye mwili wake haustahimili kemikali, kuhamia nyumba mpya huweza kuwa mwanzo wa maradhi. Rangi ambayo haijakauka vizuri, kabati la chipubodi, vanishi ya mlango na dawa ya mchwa iliyomwagwa chini ya sakafu humletea maumivu ya kichwa, kubanwa kifua, macho kuwasha, kizunguzungu au uchovu mkubwa, ilhali wenzake wa nyumba hiyo hiyo hawahisi chochote. Makala hii inaeleza namna ya kumjengea au kumkarabatia mtu huyo nyumba. Inawahusu pia wagonjwa wa pumu, kwa kuwa mengi ya mambo hayo huchochea ugonjwa wao.

Madaktari hawajaafikiana kuhusu chanzo cha hali hii. Mwaka 1987 daktari wa Marekani, Mark Cullen, aliipa jina na fasili iliyotumika kwa miaka mingi. Mwaka 1996 mkutano wa wataalamu uliofanyika Berlin, Ujerumani, ulipendekeza jina jingine lisiloitaja kemikali kuwa sababu, kwa maelezo kwamba jambo hilo halijathibitishwa. Mjadala huo haumwondolei mgonjwa mateso yake. Kinachotakiwa kwanza ni kumwona daktari, kwa sababu pumu, mzio wa kuvu na sumu ya moshi wa mkaa vina dalili zinazofanana na hizo, na vina tiba au kinga inayojulikana.

Japani ni mfano wa nchi iliyolichukua suala la hewa ya ndani ya nyumba kuwa suala la sheria. Baada ya malalamiko mengi ya watu waliougua walipohamia nyumba mpya, Serikali ya nchi hiyo ilirekebisha Sheria ya Viwango vya Majengo, na marekebisho hayo yakaanza kutumika Julai 2003. Sheria ilipiga marufuku matumizi ya klopirifosi, dawa iliyokuwa ikitumika kuzuia mchwa majumbani. Iliweka ukomo wa matumizi ya mbao za viwandani zinazotoa fomaldehidi, na ikaagiza kila nyumba mpya iwe na mtambo wa kubadilisha angalau nusu ya hewa yake kila saa. Mpangilio huo una mantiki yake: chanzo huondolewa kwanza, kisha hewa hushughulikiwa. Wajenzi wengi hufanya kinyume. Hununua vifaa vya bei nafuu, kisha hutegemea dirisha.

Fomaldehidi inastahili maelezo zaidi. Ni gesi inayotoka kwenye gundi inayoshikamanisha chipubodi, MDF na baadhi ya plaiwudi, vitu ambavyo leo ndivyo vinavyotengenezewa makabati ya jikoni, vitanda na milango ya ndani. Mwaka 2004 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba isizidi miligramu 0.1 katika mita moja ya ujazo wa hewa ya ndani, kwa wastani wa dakika 30. Gesi hii huongezeka joto na unyevu vinapopanda, na hutoka kwa miezi mingi, pengine miaka. Kwa hiyo kabati lililowekwa chini ya bati lisilo na dari, Dar es Salaam au Mombasa wakati wa masika, hutoa gesi nyingi kuliko kabati kama hilo lililowekwa kwenye nyumba ya nyanda za baridi. Atakayelazimika kulitumia aziba kingo zote zilizokatwa, ikiwemo ya nyuma na ya chini, ambazo mafundi huziacha wazi kwa kuwa hazionekani. Kilicho bora ni mbao halisi iliyokauka, chuma, au rafu za zege zilizojengwa pamoja na ukuta.

Katika kuta, ukanda wa Pwani una hazina yake. Chokaa iliyojengea nyumba za mawe za Zanzibar na Lamu, pamoja na niru iliyosuguliwa hadi ikang'aa, haina viyeyusho vya kuvukiza. Hukauka kwa kufyonza hewa ya kaboni, na kuvu haipendi kuota juu yake. Inahitaji fundi anayeijua, maana chokaa mbichi huunguza ngozi na macho, na haishiki juu ya rangi ya mafuta. Anayetumia rangi ya dukani achague ya maji na aepuke ya mafuta inayochanganywa na thinner. Hata hivyo, maneno "haina harufu" kwenye kopo hayana maana kwamba haitoi kemikali. Rangi za maji huwa na vihifadhi vinavyozuia kuoza, na baadhi ya watu hudhurika navyo.

Sakafu ya saruji au marumaru zilizolazwa kwa saruji ni salama kuliko zulia la gundi au plastiki ya sakafuni. Tatizo la sakafu ya saruji huja baadaye, katika polishi nyekundu inayopakwa kila Jumamosi, ambayo huwa na viyeyusho vikali.

Kuhusu mchwa, desturi ya kupaka oili chafu kwenye mbao za paa inapaswa kuachwa katika nyumba ya mtu mwenye hali hii. Oili hiyo imebeba mabaki ya metali na mafuta yaliyoungua, na jua linapopiga bati harufu yake hushuka vyumbani kwa miaka. Mbao zilizotiwa dawa kiwandani zenye rangi ya kijani hazivukizi kwa namna hiyo, lakini nyingi zina aseniki: zikatwe nje ya nyumba, na vipande vyake visitumike kamwe kuwa kuni. Kinga isiyo na dawa huanza kwenye msingi. Jamvi la zege lisiwe na nyufa, vipande vya bati viwekwe kati ya msingi na nguzo za mbao, na udongo usirundikwe ukutani, ili njia za mchwa zionekane mapema. Pale dawa inapolazimu, Tanzania Bara ina Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu inayosajili viuatilifu. Mwananchi anayo haki ya kumtaka mpulizaji amwonyeshe chupa yenye lebo kamili kabla ya kazi kuanza.

Hewa nayo ina dhana moja potofu inayopaswa kusahihishwa. Kiyoyozi cha ukutani hakiingizi hewa mpya. Hupoza na kuzungusha ile ile iliyomo chumbani. Chumba kilichofungwa kwa ajili ya kiyoyozi hujilimbikizia kila kinachotoka kwenye rangi na samani. Madirisha yanayoelekeana, matundu ya juu ya ukuta yenye wavu wa mbu, na jiko lililotengwa na vyumba vya kulala vina faida kubwa zaidi. Madirisha hayo yasielekee jenereta, gereji wala jalala linalochomwa moto. Eneo la kiwanja kwa hiyo ni sehemu ya ujenzi, na hilo ni jambo ambalo pesa za baadaye haziwezi kulirekebisha.

Ni wajibu kueleza pia kwamba vifaa vyema havitoi uhakika. Mwaka 1994 jengo la makazi lenye nyumba 11 lilifunguliwa San Rafael, California, kwa msaada wa fedha za serikali ya Marekani, likiwa limekusudiwa watu wa aina hii. Baadhi ya wapangaji wa mwanzo walilalamika kwamba jengo hilo lenyewe linawaumiza. Kinachomfaa mgonjwa mmoja humdhuru mwingine, na jengo jipya huhitaji muda wa kupoa. Kwa sababu hiyo, kila kifaa kijaribiwe na mhusika mwenyewe kabla ya kununuliwa kwa wingi. Rangi ipakwe kwenye kipande cha ubao, iachwe ikauke kwa wiki kadhaa, kisha ubao uwekwe karibu na kitanda chake kwa siku chache. Mwenye pumu kali asifanye jaribio hili bila ushauri wa daktari.

Ukarabati wa nyumba inayokaliwa ni mgumu kuliko ujenzi mpya, na hapo ndipo wengi huumia. Mhusika ahame wakati wa kazi, na asirudi kwa sababu tu rangi imekauka mkononi. Kupiga msasa rangi ya zamani kunaweza kutimua vumbi lenye madini ya risasi, yenye madhara makubwa zaidi kwa watoto. Ukuta uloweshwe kwanza, na vumbi lifutwe kwa kitambaa kibichi badala ya kufagiliwa. Bati za asbesto zisikatwe wala kuvunjwa bila kuwasiliana na mamlaka ya mazingira. Penye kuvu, ukuta usipakwe rangi kabla ya kuziba mahali maji yanapoingilia.

Familia isiyo na uwezo wa kukarabati nyumba nzima ianze na chumba cha kulala cha mhusika, ambako mtu hupitisha takribani theluthi ya siku yake. Zulia, kabati la chipubodi, dawa ya mbu ya kuchoma na udi viondolewe humo. Mpangaji afikie makubaliano na mwenye nyumba kabla chumba hakijapakwa rangi kwa ajili ya kumpokea, kwani ukarimu huo ndio mara nyingi humzuia kuhamia.

Makubaliano na fundi yawe ya maandishi na yataje kila kifaa kwa jina. Fundi anapokosa gundi iliyotajwa hununua nyingine dukani jirani kwa nia njema, na kosa hilo hugunduliwa baada ya marumaru kulazwa. Makopo yahifadhiwe na lebo zake hadi kazi ikabidhiwe. Rangi na thinner iliyobaki isiachwe stoo ya ndani wala kumwagwa kwenye mtaro.