LIEMBA: KABLA SIMU HAIJAANZA KUKWAMBIA CHOMBO KIMEJAA

Mwaka 2019 Google Maps ilianza kuonyesha makadirio ya msongamano kwenye mabasi na treni za miji 200 hivi duniani. Siri ya mchezo ni abiria wenyewe: wanaulizwa safari ilikuwaje, majibu yanajumlishwa, na wewe unajua mapema kama utakaa au utasimama.

Sasa njoo Kigoma. MV Liemba ilitengenezwa Ujerumani 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaja kuungwa upya Kigoma na kushushwa majini 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isitekwe. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina hili tunalolijua.

Nafasi yake ilikuwa abiria 600 hivi. Ruti ilikuwa Kigoma mpaka Mpulungu, Zambia, na vijiji vingi vya njiani havikuwa na gati. Meli ilisimama majini, ikapiga honi, mitumbwi ikaigombania ubavuni, watu wakapanda na magunia yao. Aliyepandia Kigoma alichagua pa kukaa. Wa vijiji vya mbele alijua kama ni nyomi akiwa tayari amefika mlangoni. Je, angerudi? Safari nyingine ilikuwa siku kibao mbele, na dagaa haisubiri. Alipanda tu.

Mei 2015 wakimbizi wa Burundi walijaa maelfu kwa maelfu Kagunga, kijiji cha wavuvi kilichobanwa kati ya milima na ziwa. Liemba iliwachukua 600 kwa safari, huku kipindupindu kikiwatafuna waliobaki. Kila mtu aliona umati. Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Kilichopungua ni meli.

Halafu Ziwa Victoria, 20 Septemba 2018. MV Nyerere yenye nafasi ya watu 101 ilipinduka karibu na Ukara, wakafa watu 228. Hata kujua walikuwemo wangapi ilikuwa kazi, maana mashine ya tiketi nayo ilizama.

Kwa hiyo programu ya simu ni nzuri, lakini inamsaidia mwenye basi jingine baada ya dakika kumi. Ziwani kwanza wahesabiwe watu, tena rekodi ibaki nchi kavu. Pili awepo mtu wa kusema "imetosha". Tatu chombo kingine kiwe njiani, la sivyo simu itaandika "imejaa" na watu watapanda hivyo hivyo.

Ungekuwa wewe na magunia yako, ungebaki ufukweni?