Gobori katika uwindaji wa Liparamba na mwambao wa Ziwa Nyasa

Gobori ni bunduki inayoshindiliwa kwa mdomo wa mtutu. Baruti hutangulia, kizibo hufuata, kisha risasi, na vyote husukumwa kwa mdeki hadi chini kabisa. Kusini mwa Tanzania, katika misitu ya miombo iliyo kati ya Mbinga, mwambao wa Ziwa Nyasa na Mto Ruvuma, gobori lilikuwa silaha ya moto ya mwindaji wa kijijini tangu enzi za misafara ya Kilwa, na bado halijatoweka.

Aina

Ya kale zaidi ni ya mrao, inayowashwa kwa utambi. Iliyofuata ni gumegume, ambayo jiwe lake hugonga chuma na kutoa cheche. Ya mwisho ni ya fataki, yenye kikombe kidogo cha shaba kinacholipuka kikigongwa na nyundo. Pwani, gobori liliitwa pia korofindo.

Asili na kuenea

Bunduki zilijulikana pwani ya Afrika Mashariki tangu kufika kwa Wareno, lakini wingi wake ni jambo la karne ya 19. Majeshi ya Ulaya yalipohamia kwenye bunduki za viasi, zinazojazwa kwa nyuma, maghala yao yalibaki na shehena kubwa za silaha zilizopitwa na wakati, na Unguja ikawa soko lake. Viwanda vya Birmingham na Liège navyo viliunda magobori ya bei rahisi kwa ajili ya biashara ya Afrika. Mwaka 1888 Euan-Smith, konseli wa Uingereza Unguja, alikadiria kwamba bunduki 80,000 hadi 100,000 zilikuwa zikiingia bara kila mwaka.

Kutoka Kilwa Kivinje misafara ilizifikisha Ziwa Nyasa, zikabadilishwa kwa pembe za ndovu na watumwa. Wayao walizipata mapema, na Mataka wa Mwembe, ng'ambo ya Ruvuma, ni mmoja wa machifu waliokuzwa na biashara hiyo. Wamakua walijipatia sifa kama wawindaji hodari wa tembo. Wangoni walishikilia mkuki na ngao, na hofu waliyoitia katika nchi zenye bunduki, kama waliposhambulia Masasi mwaka 1882, inaonyesha udhaifu wa gobori: likishalia mara moja, mpigaji hana kitu mkononi mpaka alishindilie upya.

Kilicholipa gobori maisha marefu ni Mkataba wa Brussels wa 1890. Mkataba huo ulizuia silaha za kisasa kuingizwa Afrika kati ya latitudo 20 Kaskazini na 22 Kusini, ila uliruhusu gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu pamoja na baruti ya kawaida. Mataifa ya Ulaya yalikuwa yameamua kwamba Mwafrika abaki na bunduki iliyochakaa. Katika Vita vya Maji Maji (1905–1907) wapiganaji wa Songea waliikabili bombomu (bunduki ya rasharasha) ya Wajerumani kwa mikuki na magobori. Chabruma, nkosi (mtawala) wa Wangoni wa Mshope, alivuka Ruvuma na kukimbilia nchi ya Wareno. Chini ya utawala wa Waingereza mwananchi aliweza kupata leseni ya gobori. Ya raifoli aliipata kwa nadra.

Risasi

Risasi iliyo bora ni tufe la madini ya risasi. Madini hayo huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, joto ambalo moto wa mkaa hulifikia bila shida, kisha humiminwa katika kalibu. Mtutu wa gobori la Kiingereza lenye chapa ya Tower ulikuwa na upana wa milimita 19 hivi, na tufe lake milimita 17 na nusu, uzito wa gramu 31. Pengo hilo liliachwa makusudi, kwa kuwa masizi ya baruti huuziba mtutu baada ya milio michache, na tufe lililobana lingekwama katikati. Hasara yake ni shabaha: tufe hutoka likigongagonga kuta za mtutu, na kupita mita 70 hivi kulenga ni kubahatisha. Mwindaji mzoefu hulifunga tufe kwa kitambaa kilichopakwa mafuta ili likae imara.

Kwa kanga na kwale hutumiwa marisau, yaani chembe ndogo nyingi badala ya tufe moja.

Madini ya risasi yalipokosekana, mtutu ulijazwa chochote kigumu kilichopatikana. Siku hizi magobori yanayokamatwa huonekana na gololi za vyuma na vipande vya nondo. Chuma hakibonyei, hukwaruza mtutu, na mnyama aliyepigwa nacho mara nyingi hukimbia na jeraha na kufia mbali. Hata hivyo hapo ndipo ilipo siri ya gobori kudumu: bunduki ya kisasa isiyo na ganda la dukani ni gogo tu, ilhali gobori halingoji duka.

Baruti yake ni nyeusi, mchanganyiko wa shura, kiberiti cha unga na makaa. Baruti isiyo na moshi, iliyobuniwa na Mfaransa Paul Vieille mwaka 1884, haifai kamwe, kwani nguvu yake hupasua mtutu na kumjeruhi mpigaji usoni na mikononi.

Matayarisho

Bunduki iliyokaa tangu msimu uliopita hukaguliwa kwanza kwa mdeki. Mdeki ukiishia juu ya alama ya kina cha mtutu mtupu, kuna shehena iliyosahaulika ndani. Kisha hutafutwa kutu, ufa na ulegevu wa nyundo. Mtutu wenye ufa hautengenezeki. Mafuta ya akiba hupanguswa, na fataki moja au mbili hupigwa bila baruti ili tundu la moto likauke.

Baruti hupimwa kwa kipimo maalumu. Haimiminwi moja kwa moja kutoka kwenye pembe, kwani cheche iliyobaki mtutuni inaweza kuilipua pembe nzima mkononi. Risasi husukumwa hadi ikae juu ya baruti bila nafasi. Nafasi ikibaki, mtutu unaweza kupasuka. Fataki huwekwa mwisho kabisa, mnyama akishaonekana. Jioni mtutu huoshwa kwa maji ya moto na kupakwa mafuta, kwa sababu masizi ya baruti nyeusi huvuta unyevu na kuleta kutu ndani ya usiku mmoja.

Msimu na wanyama

Msimu wa uwindaji Tanzania hufunguliwa 1 Julai. Ni kiangazi: miombo hupukutisha majani, nyasi zimeungua, na baruti hubaki kavu. Wanyama wanaowindwa kwa kitoweo ni nsya, funo, pongo na nguruwe pori. Palahala, fahari ya Pori la Akiba Liparamba, ni mkubwa mno kwa gobori la kawaida.

Sheria

Leseni ya kuwinda ilianza na amri ya gavana wa Kijerumani, Wissmann, ya 1896. Zilifuata sheria za wanyamapori za 1951 na 1974, na sasa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya 2009. Umiliki wa silaha uko chini ya sheria ya 2015, nayo hailitoi gobori nje ya masharti ya leseni eti kwa kuwa limeundwa na fundi wa kijijini.

Hali ya sasa

Pori la Akiba Liparamba, lenye kilomita za mraba 571, lilitangazwa mwaka 2000 na husimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA). Kuingia humo na silaha bila kibali ni kosa. Umoja wa Afrika umeutenga mwezi Septemba kuwa wa kusalimisha kwa hiari silaha zisizo na leseni, na magobori ni miongoni mwa silaha zinazopokelewa katika vituo vya polisi nchini.